Tupeane uzoefu: kuzunguka viwanda vya mvinyo vijijini Italia, nani alirudi salama?

BintiMkulima
Habari za jioni wapendwa. Mume wangu kaja na wazo la likizo ya Septemba: wiki nzima Toscana, tunalala shambani (agriturismo), kazi ni kuonja mvinyo tu. Wakwe zangu wanakuja pia, na baba mkwe hagusi pombe. Jana kanionyesha ratiba aliyopanga: viwanda vinne kwa siku, kuanzia saa tatu asubuhi! Mliokwenda leteni habari, nzuri na mbaya. Hasa mbaya.

MzeeWaBologna
Vinne? Mwambie shemeji apunguze. Viwili vinatosha: kimoja saa nne asubuhi, kingine saa tisa, katikati mle mshibe. Wanaanza kuwatembeza kwenye mizabibu, halafu mapipa, ndipo mkae mezani. Hapo saa moja na nusu imekwenda, na mwenyeji akiwa mchangamfu ni mbili.

Tena si mahali pa kupiga hodi tu. Andikeni barua pepe wiki mbili tatu kabla, mtaje idadi na lugha. Septemba wanavuna, kwenye viwanda vidogo baba, mama na watoto wote wako shambani, wengine hawapokei mgeni kabisa.

TotoLaKariakoo
Mzee kamaliza. Mimi nipo siti ya mbele, nasubiri vituko.

Mkenya_Torino
Watu mkisikia Italia ni Toscana tu, kwani kuna nini huko? Nendeni Piemonte, vilima vya Langhe. Barolo, mvinyo wa huko, inatoka kwa zabibu moja tu, Nebbiolo, na kisheria lazima ikae angalau miezi 38 ndio iuzwe. Simameni pale La Morra juu muangalie chini, mtaniambia. UNESCO waliviweka vilima hivyo kwenye urithi wa dunia mwaka 2014.

Shangazi Pili
Barolo ile inayokausha mdomo kama umetafuna ndizi mbichi? Tuachie zabibu yetu ya Toscana, Sangiovese, kaka.

Mkenya_Torino
Shangazi ulikunywa ikiwa changa bila nyama. Hilo si kosa la Barolo.

Kibwebwe
Uzi huu nimeshindwa kuupita kimya. Montalcino, Toscana hiyo hiyo.

Tulikwenda wanakwaya wa huku Ujerumani, pamoja na shemeji yangu aliyekuwa ametua kutoka Mwanza wiki hiyo hiyo. Tulikodi gari na dereva wake. Kiwanda cha kwanza saa nne asubuhi: glasi tano kwa kila mtu, katikati ya meza ndoo ya kutemea. Shem akauliza ile ya nini. Akaelezwa. Akanitazama kwa huruma: "Yaani tumelipa Euro 30 nije niteme?" Akamaliza zake, akamalizia na za dada mmoja anayenyonyesha.

Cha pili hivyo hivyo, tumboni kuna mkate na mafuta ya zeituni tu, maana tulifika mjini saa tisa tukakuta majiko yameshazimwa. Mtu anakwambia kwa upole kabisa, rudini saa moja na nusu usiku.

Sasa cha tatu. Mnashuka ngazi mpaka ghala la chini, baridi, mapipa ya mwaloni yamewazidi kimo. Mama mwenye kiwanda anaeleza kwamba Brunello, mvinyo wa hapo, ni Sangiovese tupu, na haiuzwi mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Sisi tunaitikia. Tukapanda juu, tukaonja, tukanunua chupa, tukaingia garini. Dereva akauliza, mmetimia? Tukasema tumetimia. Tukaimba njia nzima mpaka Buonconvento, ndipo mke wa shem akasema, jamani mbona leo besi haisikiki?

Simu yake haipatikani. Tukageuza. Geti lina kufuli, mama keshaondoka, ndani mbwa wawili wanatubwekea. Dereva akapiga simu weee, mwisho akaja bibi mmoja na fungu la funguo limening'inia kwenye aproni, anashuka ngazi huku anaongea peke yake. Shem alikuwa nyuma ya pipa la mwisho, kajifunika koti usoni, anakoroma. Viatu kavua, kavipanga jozi ukutani, soksi zimekunjwa ndani yake! Bibi akauliza kwa ishara kama ni mgonjwa. Tukasema amechoka na safari. Akamletea kahawa.

TotoLaKariakoo
Soksi ndani ya viatu 😂😂😂 Huyo kalelewa vizuri.

Fundi Mitambo
Chai hii, tena haina sukari. Ghala la mvinyo lina ubaridi wa nyuzi 14 hivi, nani atalala humo akakoroma?

Kibwebwe
Mkuu wewe hujawahi kulala gesti ya Makambako mwezi wa saba. Mwache mtu wa watu.

Fundi Mitambo
Weka picha.

Mke wa Besi
Picha ninazo mimi, na haziwekwi. Kibwebwe, tutaonana Jumapili mazoezini.

TotoLaKariakoo
Yesu na Maria. Kumbe mwenyewe yumo humu.

Shangazi Pili
Tumrudie dada wa watu. Suala la kutema ni zito. Kutema si ushamba, wenyeji wanatema mbele yako na hakuna anayekuangalia. Anayeendesha asimeze.

Kaka Dodoma
Mimi simwagi mvinyo wa mtu chini. Kwetu zabibu zilianza na wamisionari pale Bihawana, nimekulia humo, na sijawahi kumwona mzee yeyote anatema. Kodini dereva, mmeze, mlale.

MzeeWaBologna
Kodini dereva kweli, maana sheria hapa ni pombe isiyozidi gramu 0.5 kwa lita ya damu. Mwenye leseni chini ya miaka mitatu, au umri chini ya 21, ni sifuri kabisa. Polisi wakikusimamisha unapuliza. Na leseni ya Bongo peke yake haitoshi, beba na ile ya kimataifa.

Mkenya_Torino
Yaani ni Alcoblow, kile kipimo cha pombe cha polisi wa Kenya, ila hapa hamna wa kumpigia simu.

Nyakato
Yaliyonipata ni ZTL. Ni mitaa ya katikati ya mji wa kale ambako gari lisilo na kibali haliruhusiwi, kuna kamera tu, hakuna geti wala askari. Mume wangu aliifuata ramani ya simu mpaka mlangoni kwa hoteli, akatoka, akaingia tena kuchukua mabegi. Miezi imepita, tumeshasahau, kampuni ya gari ikakata pesa kwenye kadi: ada ya kuwapa polisi majina yetu tu! Faini zenyewe zikafuata kwa posta, mbili, moja kwa kila kuingia. Ukiona duara jekundu lenye nyeupe katikati, egesha nje utembee.

Fundi Mitambo
Hii ndiyo habari. Sio soksi.

Salim wa Kibokoni
Dada, kuhusu baba mkwe usijali. Mimi sinywi, nimekwenda na wafanyakazi wenzangu, nikawa dereva wao. Andika mapema kwamba mmoja hanywi, wengi hawamtozi au wanampa bei ndogo, na atapewa jibini na mafuta ya zeituni mapya. Mpeleke Pienza akaonje jibini la pecorino, aina zote, ile changa na ile iliyozungushiwa majani ya jozi. Mzee wangu angehamia pale.

Kaka Dodoma
Kwa hiyo Salim ulikwenda kwenye mvinyo ukala jibini?

Salim wa Kibokoni
Na niliwarudisha wote nyumbani na soksi zao miguuni.

Shangazi Pili
🤣🤣 Kibwebwe jibu hoja.

Nyakato
Kama hamtaki habari za barua pepe, nendeni wikiendi ya mwisho ya Mei. Kuna Cantine Aperte, viwanda vingi nchi nzima vinafungua milango kwa pamoja.

MzeeWaBologna
Kaomba Septemba, wewe unamwambia Mei.

BintiMkulima
Nimecheka hadi mama mkwe kaja kuuliza. Tumekubaliana viwili kwa siku, siku tatu tu, na dereva. Mume wangu anataka Chianti, Toscana hiyo hiyo, ile barabara ya SR222 ya Greve na Panzano, chupa zenye nembo ya jogoo mweusi. Swali moja: kunywa tu bila kununua chupa ni adabu?

Shangazi Pili
Kama mmelipa kuonja, hamdaiwi kitu. Ila mtanunua.

Kaka Dodoma
Kununua lazima! Umekaa kwa watu saa mbili.

Mkenya_Torino
Angalieni kilo za ndege. Na forodha ya kwetu ni lita mbili za mvinyo kwa mtu mzima, zaidi ya hapo unalipia. Baba mkwe hanywi, sivyo? Lita zake mbili zipo.