MREJESHO: Umeme wa maeneo ya pamoja kwenye jengo letu

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini mita ya maeneo ya pamoja (ngazi, lifti, pampu ya maji) inakimbia hata usiku watu wamelala. Wengi mlisema taa. Mmoja tu alisema, "Kasome mita saa nane usiku, halafu zima kimoja kimoja."

Nikamsikiliza huyo. Nilikaa na mlinzi chini, naye akinicheka. Ndani ya saa moja pampu iliwaka mara nne, na hakuna bomba lililofunguliwa! Kumbe valvu ya kuzuia maji yasirudi ilikuwa imechoka: maji yanapandishwa tangi la juu, yanashuka tena taratibu, boya la tangini (swichi inayoelea) linaita pampu, mchezo unaanza upya. Fundi kabadilisha valvu, usiku pampu sasa imetulia.

Taa nazo hazikuwa na kesi ndogo. Tyubu 24 za wati 36 zikiwaka mchana na usiku ni karibu uniti 20.7 kwa siku, hapo sijahesabu balasti (kifaa kinachoendesha tyubu, nacho kinakula umeme). Tumeweka za LED za wati 18 zenye swichi ya mwanga (inawasha yenyewe giza likiingia, inazima kukikucha), zinawaka saa 12 tu: uniti 5.2 hivi. Vihisi mwendo tumeviweka kwenye maegesho pekee. Ngazini wazee walikataa, na nawaelewa, kushuka gizani ukisubiri taa ikuone si mchezo.

Lifti hatujaigusa. Kamati bado inabishana.