Tupeane uzoefu: gia boksi ikikufia mlimani na tela liko nyuma

Mtoa mada, Iringa

Kamwene ndugu zangu wa Nyanda za Juu. Naleta hili tupeane uzoefu, maana mwenzenu yalinikuta mlima Kitonga nikiwa na mke na watoto watatu.

Nina tela la kulala, nililinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Lina vitanda, jiko dogo na tangi la maji, uzito wake kama kilo 900. Gari yangu ni dizeli, oto. Tulikuwa tunatoka Morogoro kurudi nyumbani, saa nane mchana. Anayeijua njia ile anajua ukitoka Mikumi unapita bonde la mibuyu lenye joto kali, halafu baada ya Ruaha Mbuyuni mlima unakusubiri. Mimi sikupumzika hata dakika moja. Nikaingia Kitonga gari ikiwa imeshachemka.

Kona ya tatu hivi gia ikaanza kupanda na kushuka yenyewe, ya tatu, ya nne, ya tatu. Nikadhani ni kawaida ya mlima. Baadaye injini ikawa inanguruma lakini gari haivuti, na ndani ikaingia harufu kama ya ugali ulioungua kwenye sufuria. Nyuma yangu kuna malori mawili. Nikasogea pembeni nilivyoweza, nikakanyaga breki, na hapo ndipo nilipojua kwamba tela zito linaweza kukurudisha nyuma hata ukiwa umeweka P, ile ya kuegesha. Ile P inashikwa na kijino kimoja tu cha chuma ndani ya gia boksi. Mguu wangu ulikuwa unatetemeka kwenye pedali, naogopa kuutoa.

Mke wangu ndiye aliyetuokoa. Alishusha watoto upande wa mlima, akaokota mawe mawili makubwa na kuyasukumia nyuma ya matairi ya tela, halafu mengine mawili nyuma ya matairi ya gari. Kijana mmoja wa pale akakata matawi, akayapanga barabarani kuanzia mbali kabla ya kona. Nilipovuta dipstiki ya gia boksi, oili iliyokuwa nyekundu ilikuwa nyeusi tii. Gia ya kurudi nyuma ilikuwa inashika, za mbele zote zimekufa.

Gari ilibebwa juu ya lori hadi Iringa, tela likavutwa na Fuso iliyokuwa inarudi tupu. Gia boksi ya mtumba kutoka Japani na ufundi wake vilinimaliza akiba ya mwaka mzima. Nani mwingine yamemkuta? Mlifanyaje?

Mama Viazi, Isyonje

Pole sana kaka, na umshukuru huyo mama watoto.

Mimi gari yangu ni ya manyuali, pikapu, navuta tela la viazi. Nilikuwa natoka Tukuyu kupanda kuja huku kwetu. Ukungu wa Isyonje mnaujua, taa zenyewe zinarudi machoni. Lori mbele likasimama ghafla, nami nikasimama, kwenye mpando. Kuondoka sasa! Nikawa nabana klachi nusu, naongeza moto, gari inasogea hatua mbili inasimama. Mara tatu, mara nne. Moshi ukatoka chini, harufu kali ya klachi, kisha pedali ikawa laini na gari haiendi popote.

Hofu yangu haikuwa klachi, ilikuwa ukungu. Nilimtuma kijana wangu ashuke na tochi mpaka chini ya kona, akawa anapunga kila akisikia muungurumo. Tuliweka kabari, tukashusha magunia kumi na mawili, yakalala kando ya barabara kwa jirani. Klachi ilipopoa ikashika kidogo, tukatoka na gia namba moja mpaka kituo cha mbele tu.

Fundi alipofungua, klachi pleti ilikuwa imebaki chuma kitupu na flaiwili, sahani ya chuma inayobanwa nayo, imepasuka nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Tangu siku ile nikikwama kwenye mpando sijaribu mara mbili. Napunguza mzigo kwanza.

Fundi wa oto, Mwanjelwa

Mtoa mada, harufu uliyoisikia ndiyo jibu lenyewe. Oto haina klachi ya mguu, nguvu ya injini inapita kwenye oili. Gari ikivuta tela mlimani kwa mwendo mdogo, oili inakorogwa pale ndani na kupata joto kali sana. Ikiungua inapoteza uwezo wa kulainisha na presha, zile pleti ndani zinaanza kuteleza, na kuteleza kunaleta joto zaidi. Ile gia kupanda na kushuka mfululizo ilikuwa inakuomba uzime O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) kwa kitufe chake au uweke 2 mwenyewe. Mlimani na tela, usiiachie D ichague.

Ngoja niwape kisa cha mteja wangu, kinaniuma hadi leo kwa sababu gia boksi yake ilikuwa nzima. Bomba la oili linaloenda kwenye rejeta lilitoboka Igurusi. Kitu kidogo, hosi na klipu mbili. Wasamaria wakamfunga kamba wakamvuta mpaka Uyole, matairi yote chini, ameweka nyutro akiamini yuko salama. Pampu ya oto nyingi inazungushwa na injini. Injini ikizimwa hakuna oili inayotembea, lakini matairi yanazungusha vyuma vya ndani, vikavu. Nilipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, nikakuta unga wa chuma unang'aa kama rangi ya fedha. Oto ibebwe juu ya lori. Kama hakuna lori, subirini, hata kama ni kulala hapo.

Kingine: ukikuta oili ina rangi ya waridi yenye maziwa, maji ya rejeta yameingia. Usiwashe tena.

Mgeni wa Mafinga

Mimi langu fupi. Gari ndogo ya CVT, yaani oto inayotumia mkanda badala ya gia, nikafunga tela la mizinga ya nyuki. Nilifika nilikokuwa naenda, ila kurudi sikurudi nayo. Mkanda wa chuma ndani ulikwaruzika. Kama gari yako ni CVT, kodi pikapu ya mtu.

Dereva mstaafu, Mbalizi

Wanangu, mmeongelea kupanda tu. Mimi lilinikuta kushuka, Iwambi. Nilianza mteremko na gia kubwa, tela likaanza kunisukuma, nikataka kurudisha chini. Nikatoa gia, mpya ikakataa kuingia. Nikabaki nyutro, mzigo nyuma, Mbalizi naiona kule chini. Breki nilizitumia mpaka zikaanza kunuka. Nilichofanya ni kuegemeza tela kwenye kingo ya udongo upande wa mlima, taratibu, likakwangua ubavu wote mpaka likasimama. Nilikaa kwenye usukani muda mrefu siwezi kufungua mlango.

Gia chagueni juu, kabla pua ya gari haijainama. Na gia uliyopandia mlima ule ndiyo ushukie.

Mama Viazi, Isyonje

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya kingo namwambia kijana wangu leo hii.

Fundi, hivi kipoza oili cha ziada kinasaidia kweli au ni kula hela zetu?

Fundi wa oto, Mwanjelwa

Kinasaidia, dada, kwa anayevuta mara kwa mara. Kifungwe mbele ya rejeta kipate upepo. Lakini oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo yoyote nyekundu. Na ukisimama njiani oto ikiwa imechemka, kama haivuji na oili ipo, weka kabari, weka P, acha injini iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta ili oili izunguke ipoe. Kuizima ghafla kunaiacha oili ya moto imesimama pale pale.

Mtoa mada, Iringa

Ndaga fijo, fundi. Mzee wangu, shikamoo.

Nimefunga kipoza, na saa ya kupimia joto la oili. Juzi tulipanda tena Kitonga na tela lile lile. Tulilala Ruaha Mbuyuni, tukaondoka kumi na mbili asubuhi, gia ya 2 kutoka mwanzo, O/D imezimwa. Mshale haukuvuka nyuzi 100, na kwenye kona ya tatu mke wangu alikuwa ameshika kabari mbili za mkaratusi mapajani, moja kila mkono, mpaka tulipoiona Ilula.