Mapumziko ya saa 20 hadi 48 ugenini: mnagawaje muda ili uone mji na bado urudi kazini ukiwa mzima?

Mbawa_Mpya aliuliza:

Habari wakuu. Mimi ni mhudumu mpya wa ndege. Rosta (ratiba ya kazi) ya mwezi ujao ina mapumziko manne ya ugenini: Bangkok saa 24, Narita huko Japani saa 26, Frankfurt saa 20 na Washington, kwa kutua uwanja wa Dulles, saa 48. Hoteli za Bangkok na Frankfurt ziko katikati ya mji, hizo mbili nyingine ziko jirani na uwanja wa ndege. Nataka kutembea, si kulala chumbani mpaka gari lije, lakini pia sitaki kusinzia kwenye kiti cha kazi wakati wa kurudi. Mnagawaje saa? Niende umbali gani? Nyaraka zipi huwakwamisha watu? Halafu kuna wenzangu wanapanga kutoka Bangkok kwenda Pattaya kupiga mbizi na mitungi ya hewa, ndani ya saa hizo hizo 24. Inawezekana? Majibu ya "ukifika utajionea" hapana, naomba hesabu.

Kabini_L2:

Anza na saa ya kuchukuliwa hotelini, kisha hesabu kurudi nyuma. Ukianza na saa ya kutua utajidanganya.

Saa 24 za kwenye rosta si saa 24 za mtaani. Toa saa moja na nusu ya uhamiaji, mizigo na basi la hoteli. Toa saa 1 ya kurudi uwanjani. Toa 8 za usingizi mkubwa, moja na nusu ya usingizi mdogo, na 2 za kuoga, kula, kupiga pasi na kufunga begi. Zimebaki 10, na humo humo kuna muda wa njiani. Kwa hiyo mahali palipo saa mbili kwenda na saa mbili kurudi pameshakula karibu nusu ya matembezi kabla hujaona kitu.

Kinachobadilisha kila kitu ni kama unaondoka asubuhi au usiku. Saa zangu ni za mfumo wa saa 24, kama zinavyokuja kwenye rosta (0700 ni saa moja asubuhi):

Ukitua 0700 na kuchukuliwa kesho yake 0700: hotelini 0830, lala mpaka 1030 na usizidishe, toka 1130, rudi 1930, kitandani 2100, amka 0530. Hapa usingizi mkubwa ni wa usiku na mchana wote ni wako.

Ukitua 2200 na kuchukuliwa kesho yake 2200: lala 2345 hadi 0745, toka 0830, rudi 1430, lala tena 1600 hadi 1930. Huu usingizi wa pili ndio watu huuacha kwa sababu jua bado linawaka na hawajioni wamechoka. Matokeo yake ni kwamba kwenye saa 0200 hadi 0600 za mwili wako, ambazo ndizo saa mbovu kuliko zote kwa umakini, unakuwa macho kwa saa 18 mfululizo huku unabeba jagi la chai ya moto. Pazia zito, simu kwenye ukimya, chumba kiwe na ubaridi, ulale hata kama usingizi hauji haraka.

Kahawa: nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe angalau saa 6 kabla ya kulala. Na ukishaamka, jipe kati ya dakika 20 na 30 kabla ya kufanya lolote la maana. Kichwa bado kizito, na huo ndio wakati watu husahau kitambulisho chooni.

Usihangaike kuzoea majira ya huko. Mwili husogea kama saa moja kwa siku ukielekea mashariki, haraka kidogo ukielekea magharibi. Hata Dulles saa 48 hazitoshi. Saa ya pili ya simu iwe ya nyumbani, na hakikisha angalau saa 4 za usingizi zinaangukia usiku wa nyumbani.

Rudi_Saa_Mbili:

Nakubaliana na L2 isipokuwa usingizi mdogo. Baada ya kukesha angani saa 10 au zaidi, saa mbili hazitoshi. Wengine huhitaji 3 hadi 4, wakatoka mchana. Lipi likufae? Ukiamka baada ya dakika 90 ukawa na kizunguzungu, rudi ulale. Mji haukimbii.

Sasa miji yako.

Bangkok: kama unatua asubuhi, Jumba Kuu la Kifalme liwe la kwanza kabisa, kwa sababu linafunguliwa 0830 na wageni hufungiwa mlango 1530. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume suruali ndefu. Hapo ndipo watu hurudishwa getini wakiwa wameshapoteza saa nzima barabarani. Tumia treni ya juu na boti ya mto Chao Phraya. Teksi saa za jioni hukaa foleni, na foleni ya Bangkok haina huruma na saa yako ya kuchukuliwa. Kutoka uwanja wa Suvarnabhumi treni ya uwanja hufika Phaya Thai kwa nusu saa hivi, endapo siku moja basi la hoteli litakosekana.

Narita: hapa wageni wengi wa kazi hukosea. Wanaona "Tokyo" kwenye rosta, wanakimbilia Tokyo iliyo kilomita 60 mbali. Treni ya Skyliner hutumia dakika 36 hadi stesheni ya Nippori, Tokyo, lakini ongeza basi la hoteli, kusubiri na kubadilisha treni, inakuwa zaidi ya saa moja na nusu kila upande. Kwa saa 26 inawezekana, ila ni lazima ujue treni ya mwisho ya kurudi kabla hujapanda ya kwenda. Kama umechoka, mji wa Narita wenyewe unatosha: kutoka stesheni shuka barabara ya Omotesando kwa miguu, kama mita 800, unafika hekalu la Naritasan Shinshoji lililoanzishwa mwaka 940. Nyuma yake kuna bustani kubwa yenye mabwawa. Unamaliza yote kwa saa 3 na unarudi kulala.

Frankfurt saa 20: treni za S8 na S9 hutoka uwanjani hadi stesheni kuu kwa muda usiofika dakika 15. Kagua siku. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, isipokuwa yale ya ndani ya stesheni kuu na uwanjani na machache mengine. Usipange manunuzi siku hiyo, tembea ukingo wa mto Main kwenye makumbusho.

Dulles saa 48: watu hudhani lazima waingie Washington siku zote mbili. Jirani kabisa na uwanja, Chantilly, kuna makumbusho ya Udvar-Hazy Center ya Smithsonian, ambako kimewekwa chombo cha anga Discovery, pamoja na ndege za Concorde na SR-71. Kiingilio bure, 1000 hadi 1730. Siku ya kuwasili iwe hiyo, mjini iwe siku ya pili kwa treni ya Silver Line, ambayo tangu Novemba 2022 inafika uwanjani moja kwa moja.

Na kwa rosta zijazo, jua siku za kufungwa kabla ya kutoka: makumbusho ya Paris, Louvre Jumanne na Orsay Jumatatu, Taj Mahal ya India Ijumaa, kasri la Topkapi la Istanbul Jumanne.

Karatasi_Kwanza:

Hapo Frankfurt ongeza hili, maana linawaponza watu. Kama unaingia eneo la Schengen (nchi za Ulaya zisizokagua mipaka kati yao) kwa cheti cha mhudumu wa ndege tu, bila visa, kanuni ya mipaka inakuruhusu kuingia kwenye manispaa ya uwanja uliotua. Katikati ya Frankfurt ni sawa, uwanja uko ndani ya mji huo huo. Heidelberg, hata kama ni saa moja kwa treni, iko nje ya ruhusa hiyo. Ukikaguliwa huko huna cha kujitetea, na bima ya kazini huenda isikutambue. Mwenye visa ya Schengen au pasipoti isiyohitaji visa hana tatizo hili, kwa hiyo usimfuate mwenzako kwa sababu tu mmevaa sare moja.

Marekani unahitaji visa ya C-1/D, ambayo ni ya wahudumu wa ndege na meli, na ruhusa ya kushuka haizidi siku 29. Japani mgeni hutakiwa na sheria kutembea na pasipoti au kibali chake cha kushuka. Picha yake ya kwenye simu haitoshi huko.

Dawa nazo zikague. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine kuzidi asilimia 10 haziruhusiwi kuingia Japani. Dawa za maumivu za codeine na tramadol, huko Falme za Kiarabu, ni dawa za kudhibitiwa, unahitaji kibali. Sigara za kielektroniki marufuku Thailand na Singapore, kwa hiyo usimbebee mtu "kifurushi kidogo tu".

China, siku ikifika kwenye rosta yako: pakua ramani kabla, unganisha kadi yako ya benki na Alipay (programu ya malipo) ukiwa bado nyumbani ambako ujumbe wa uthibitisho unaingia. Laini yako ya nyumbani ikiwa rominga kwa kawaida hufungua programu ambazo intaneti ya hoteli inazizuia.

Presha_Futi8000:

Mbizi za mitungi Pattaya: hapana. Hesabu ya barabara tu inakataa, karibu saa 2 kwenda na 2 kurudi. Lakini hata kama bahari ingekuwa mlangoni pa hoteli jibu ni lile lile.

Sababu ni naitrojeni. Ukipumua hewa ya mtungi chini ya maji, naitrojeni nyingi kuliko kawaida huyeyuka kwenye damu na tishu, na hutoka polepole. Kabini ikiwa angani presha yake ni sawa na ya mlima wa futi 6,000 hadi 8,000. Naitrojeni iliyobaki hugeuka viputo: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na hali ikizidi ni kupooza. Mwongozo wa DAN (shirika la usalama wa wapiga mbizi) kwa abiria ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda juu, saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku kadhaa, na muda unaozidi sana hizo 18 baada ya mbizi za kusimama njiani. Abiria anakaa. Wewe unasukuma troli, na kabini ikipoteza presha wewe ndiye unayetakiwa kusimama na kusaidia. Mashirika mengi huweka saa 24 au zaidi, soma kitabu chako cha taratibu. Kuogelea juu ya maji kwa miwani na bomba la hewa hakuna shida.

Pombe, kwa kuwa hakuna aliyeitaja. FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) inasema usinywe saa 8 kabla ya kazi na kiwango kisifike asilimia 0.04, Ulaya mkaguzi akikupima kwenye ndege kikomo ni gramu 0.2 kwa lita ya damu. Mwili huondoa takriban gramu 0.15 kwa lita kila saa, na maji, kahawa au kuoga haviharakishi chochote. Aliyefika gramu 1.5 kwa lita anahitaji saa 10 kurudi sifuri. Saa 8 zake zimetimia na bado Ulaya anakamatwa. Kwa saa 20 za Frankfurt, hesabu hiyo inakuachia glasi moja jioni ya kufika.

Mafua: jaribu kupuliza hewa kwa upole huku umebana pua na kufunga mdomo. Hata sikio moja lisipofunguka, usipande ndege. Wakati wa kushuka ndipo ngoma ya sikio huumia, maana mrija wa kusawazisha presha umeziba na presha ya nje inaongezeka. Piga simu kazini mapema, wakiwa bado na muda wa kumpata wa akiba.

Mbawa_Mpya:

Nimewaelewa, Pattaya nimeifuta. Hotelini je? Na tukitoka kikundi, mnawasilianaje?

Kabini_L2:

Ukiingia chumbani, mlango ukiwa bado wazi na begi likishikilia, angalia bafuni, kabatini na nyuma ya pazia, ndipo ufunge. Hesabu milango kutoka chako hadi ngazi za dharura, kwa sababu kwenye moshi utapapasa ukuta. Ghorofa ya 3 hadi ya 6 ni nzuri: juu ya mtu wa mtaani, chini ya mwisho wa ngazi nyingi za zimamoto. Mpokezi akitaja namba ya chumba kwa sauti, omba kingine.

Begi lisiguse kitanda wala zulia mpaka ukague kunguni: inua shuka kwenye pembe za godoro, tazama mishono na nyuma ya ubao wa kichwani, tafuta vidoti vyeusi kama vya kalamu. Kwa muda huo liweke kwenye beseni la kuogea. Ukiwaona, hama chumba, na kisiwe cha jirani wala cha juu au chini yake. Ukifika nyumbani nguo zifuliwe kwa nyuzi 60.

Pasipoti ikae kwenye kasiki pamoja na kiatu kimoja cha kazi. Huwezi kutoka na kiatu kimoja. Pazia lisilofunga vizuri libane kwa vibanio vya henga ya suruali.

Kwenye kikundi cha simu andikeni 0900, si "saa tatu", la sivyo mmoja atashuka 0300. Andikeni pia kama ni saa ya hapo au ya UTC (saa ya pamoja ya dunia). Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba saa za Ulaya hubadilika usiku. Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Usiku huo weka kengele mbili, na uombe mapokezi wakupigie simu ya chumbani pia. Kabla ya kutoka, kubalianeni saa ya kugeuka. Ikifika, anayetaka kubaki abaki, lakini amwambie mmoja wenu yuko wapi.

Rudi_Saa_Mbili:

Piga picha kadi ya hoteli yenye anwani kwa maandishi ya huko. Dereva wa Bangkok au Narita hatakuelewa ukitamka jina la hoteli, lakini atasoma. Pawabenki nayo ibebe kwenye mkoba, isikae kwenye begi linaloingia chini ya ndege.