Naomba ushauri: watazamaji wamegombana baada ya filamu ya msiba wa kweli

Wakuu, habari zenu. Huwa naongoza mjadala watu wakishatazama filamu, na safari hii tulionyesha Society of the Snow ya J. A. Bayona, ile ya ndege iliyoanguka kwenye milima ya Andes mwaka 1972. Kati ya watu 45 waliokuwemo walitoka hai 16 tu, baada ya siku 72, tena kwa kula miili ya wenzao.

Mtu anapokufa, jina na umri wake vinatokea kwenye skrini. Mbele kuna dada alikuwa akiyasoma kwa sauti ya chini, jina moja moja. Nyuma yake vijana wakaangua kicheko ilipofika habari ya kula. Mjadala ukageuka ugomvi: dada anasema wamewatukana marehemu, wao wanasema filamu ni filamu, na kicheko chenyewe kilikuwa cha woga (hapo siwapingi sana).

Mwingine akachomekea Titanic ya 1997, jinsi Murdoch, ofisa wa kweli wa meli hiyo, alivyoonyeshwa akimpiga risasi abiria, hadi ndugu za Murdoch wakalalamika na studio ikaomba radhi.

Sasa wanataka tuendelee wiki ijayo. Nitoe onyo kabla ya onyesho, au nimwache kila mtu alie au acheke anavyojua? Na kuna mmoja aliyefiwa kwenye ajali ya ndege anataka kuja. Nimkalishe na hawahawa? Wenye uzoefu nisaidieni, ila kejeli hapana.