Mashati meupe ya maigizo: nitayafanyaje yaonekane ya kale?

Mshonaji: Wadau, habari zenu. Nina mashati ya pamba ya mchezo wa kuigiza wa enzi za zamani, lakini ni mapya na yanang'aa mno. Nimejaribu chai kwenye shati moja: rangi imekuja hafifu, tena imelingana kote, kwa hiyo bado ni nguo mpya tu, ila ya krimu. Lesi ya kola haikushika kabisa. Sitaki rangi za viwandani. Naombeni ushauri.

SindanoNaUzi: Lesi hiyo yaelekea ni poliesta. Chai hushika pamba, kitani, hariri na sufu, ila poliesta haiingii. Choma kiuzi kimoja: kikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, si pamba. Ibandue uweke ya pamba. Kagua na uzi wa kushonea, maana mara nyingi nao ni poliesta, na mishono itabaki myeupe pee.

Mama Rangi: Ulilifua kwanza? Kitambaa kipya huja na wanga na dawa za kiwandani zinazozuia rangi. Fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza vizuri. Kisha chemsha majani ya chai yakolee hasa, uyachuje. Nguo iliyolowa tayari hupata rangi sawasawa; ukiitia kavu, imekunjwakunjwa na kubanwa ndani ya sufuria, inatoka na mabaka, na wewe mabaka ndiyo unayoyataka. Iache hata usiku kucha. Itoe ikiwa imekolea kuliko unavyotaka, kwa sababu ikikauka hupauka.

Mshonaji: Asante sana, mama. Chumvi na siki je? Na kuna aliyenitajia misumari yenye kutu.

Fundi Kitani: Chumvi na siki husifiwa sana, lakini kwa chai kwenye pamba hazisaidii kitu cha maana. Tanini ya chai, yaani ile kemikali inayoipa ukakasi, hung'ang'ania pamba yenyewe. Ukitaka kuikaza zaidi, tumia shabu, yale mawe meupe ya kusafishia maji.

Misumari ni habari nyingine. Iloweke kwenye siki siku kadhaa, kisha pakaza maji yake kwa brashi juu ya nguo iliyokwisha kutiwa chai. Chuma kikikutana na tanini huzaa kijivu hadi weusi. Wino wa kale wa Ulaya ulipikwa kwa njia hiyohiyo, kwa vinundu vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma, na umetoboa karatasi za miswada mingi. Nyuzi nazo chuma huzila polepole. Kwa nguo za jukwaani sawa, ila kitambaa cha urithi usikiguse.

Mama Rangi: Naongeza hili, na kwangu ndilo kubwa: nguo haizeeki kote kwa pamoja. Huchakaa inapoguswa na kusuguliwa, yaani kola, kwapa, viwiko, ncha za mikono na midomo ya mifuko, na hupauka mabegani kwa jua. Sugua ukingo wa kola kwa msasa mpaka nyuzi zichomoze, halafu kolezea hapo chai kwa sifongo. Maji ya misumari yaishie kwenye pindo tu.

Mshonaji: Na kufua baada ya maonyesho?

Mama Rangi: Peke yake, maji baridi, sabuni laini. Dawa ya kung'arisha isikaribie kabisa. Ikipauka, irudishe kwenye chai.