Naomba ushauri: kuizunguka Lamu kwa miguu nikiwa na miaka 67

Assalamu alaykum ndugu zangu. Tangu nilipostaafu ualimu nina nia moja isiyonitoka moyoni: kuondoka Lamu mjini kwa miguu, nipite Shela, nifuate ufuo wa kilomita 12 hivi hadi Kipungani, nilale huko, na kesho yake nirudi kwa njia ya Matondoni.

Mwezi uliopita nilijaribu sehemu ya safari hiyo. Maji yalipokuwa yamekupwa, mchanga ulikuwa mgumu nami nilitembea kwa raha; lakini nilichelewa kugeuka, na kwa kuwa zilikuwa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, bahari ilinisukuma juu kwenye mchanga laini, ambako kila hatua ilinizamisha hadi kifundoni na goti la kushoto likaanza kuuma. Nilipovua makubadhi nilikuta lengelenge limepasuka chini ya kidole gumba, limejaa mchanga.

Naomba wenye uzoefu wanieleze: ni bora nitembee pekupeku au nivae viatu vya kufunga? Nijizoeze kwa muda gani kabla ya kuondoka, na je, nisubiri siku za maji mafu, bahari isipojaa sana? Kuhusu maji ya kunywa nitamuuliza daktari kwanza, kwa sababu natumia dawa ya presha.

Mwanangu ananisihi nipande punda, lakini natamani sana kufika kwa miguu yangu. Aliyewahi kutembea kutoka Kipungani hadi Matondoni anieleze pia hali ya njia, hasa palipo na mikoko.