Tupeane uzoefu: umewahi kumkuta mtu wa kwenu katika makusanyo ya maktaba mtandaoni?

Msomaji wa Nyaraka (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Juzi nilibishana na mfanyakazi mwenzangu aliyeshikilia kwamba maktaba zinazotumia fedha kuskani picha, barua na kaseti za zamani na kuziweka mtandaoni zinajifurahisha zenyewe, kwa kuwa hakuna anayezitazama isipokuwa watafiti wachache wanaosaka shahada. Nilimtajia Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo Januari 2008 iliweka picha zipatazo 3,000 kwenye Flickr, tovuti ya kuonyeshana picha, na watu wa kawaida wakaanza kutaja majina ya waliopigwa picha na mahali zilipopigwa, hadi wakutubi wakazihakiki taarifa hizo na kuziingiza katika katalogi yao. Hakushawishika, alisema hayo ni ya Wamarekani wenye muda. Basi naomba wale ambao wamewahi kukutana na ndugu, wimbo, mswada au kitu chochote cha kwao katika makusanyo ya namna hiyo watueleze kilichotokea, kiwe kizuri au kibaya.

Karani Mstaafu

Naunga mkono hoja. Niliiona saini ya marehemu babu yangu katika daftari lililoskaniwa, na siku ile sikuweza kufanya kazi nyingine yoyote.

Mjukuu wa Mfinyanzi

Mada hii imenitonesha. Nilikuwa natafuta picha za vyungu vya zamani kwa ajili ya kazi ya shule ya binti yangu, na katika ukurasa wa maktaba moja nikamwona bibi yangu mzaa mama, kijana, mikono imejaa udongo, akimtazama mpiga picha kwa jicho lile lile alilokuwa akitutazama nalo tulipokuwa wakorofi. Chini yake paliandikwa: "Mwanamke wa kienyeji akifinyanga chungu." Mpiga picha aliandikwa jina lake kamili, cheo chake na mwaka aliopiga. Hata kamera ilitajwa. Bibi, ambaye watu walitoka mbali kuja kununua vyungu vyake, hakuwa na jina.

Niliwaandikia. Nikapata jibu la kompyuta la kunishukuru kwa mawasiliano yangu. Baadaye wakaniletea fomu ya kuthibitisha uhusiano wetu, nikawapelekea picha ya bibi akiwa mzee ambamo kovu lile la kwenye nyusi linaonekana wazi, kisha ikafuata kimya ya miezi. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa nilipofungua ukurasa ule na kukuta jina lake limeandikwa, na jina la aliyemfundisha kazi, kama nilivyowaeleza. Nililia kwa furaha, kisha nikashuka mistari michache na kukuta maneno ya kwanza bado yapo, yamewekewa kichwa "maelezo ya awali". Hadi leo sielewi kwa nini yalistahili kubaki.

Mkutubi wa Zamu

Mimi ni mkutubi, ingawa si wa maktaba hiyo, na naomba nikueleze, dada yangu, bila kumtetea mtu. Maelezo ya awali hubakizwa kwa sababu nayo ni sehemu ya waraka: yanaonyesha aliyepiga picha alimwona vipi aliyekuwa mbele yake, na mtafiti aliyeyanukuu zamani huhitaji njia ya kuirudia picha ile ile. Kuhusu kimya ya miezi, watu wengi hudhani kazi yetu ni kuskani. Kuskani picha moja ni suala la dakika. Kinachokula muda ni kujua picha ni ya nani, ya lini, imetoka wapi, nani ana haki juu yake, kisha kuyaandika hayo kwa namna ambayo mtu asiyejua chochote ataweza kuyatafuta na kuyapata. Barua yako huenda ilikuwa katika foleni ya mtu mmoja mwenye makasha yaliyojaa chumba.

Mjukuu wa Mfinyanzi

Nimekuelewa, lakini hujanishawishi. Kama maneno hayo ni ushahidi, yahifadhiwe katika faili zenu za ndani, na anayeyahitaji aombe. Wajukuu zangu wakitafuta jina la bibi yao wasilazimike kulipata pamoja na tusi lake.

Mkutubi wa Zamu

Na wajukuu wa wajukuu zako watasoma ukurasa uliosafishwa, waamini kwamba bibi yao alipewa heshima tangu siku ya kwanza.

Jicho la Pembeni

Ninyi wawili, mleta mada aliomba visa, hakuomba kesi.

Mtoto wa Tatu

Huwa nasoma tu humu bila kuandika, lakini kisa cha picha kimenishinda. Baba yetu alikuwa fundi wa kutengeneza ngoma na zeze, na nilipokuwa mdogo mtafiti mmoja alikuja kumrekodi. Baba alifariki, mtafiti naye akafariki, na kaseti zake zikakabidhiwa maktaba ya chuo kikuu ambacho sitakitaja. Mwaka jana binamu yangu alinitumia kiungo. Tukakusanyika nyumbani kwa mama, pamoja na wajukuu ambao hawakuwahi kumwona babu yao, tukaunganisha simu na spika, na sauti ya baba ikajaa sebuleni. Mama alianza kulia kabla mumewe hajamaliza kujitambulisha. Baba alieleza kwa kirefu namna ya kuchagua mti, namna ya kuukausha kivulini usipasuke, na namna ya kuivuta ngozi ingali na maji. Tulicheka aliposema kwamba fundi mwenye haraka hujulikana kwa sauti ya ngoma yake.

Kisha mtafiti akamwuliza ni nani atakayeurithi ufundi huo. Baba akanyamaza kidogo, akasema kwamba angependa auchukue mwanawe wa kwanza, lakini mtoto huyo yuko kwa mama yake, na hawajaonana tangu alipokuwa ananyonya. Akamtaja jina. Kaka yangu mkubwa, ambaye maisha yake yote ameitwa mzaliwa wa kwanza, alikuwa amekaa karibu kabisa na spika. Hakuna aliyenyoosha mkono kuizima. Mama aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Tulipotulia ndipo tulipoona kwamba muhtasari wa rekodi hiyo, ulioandikwa na mtu aliyesikiliza kwa makini, ulikuwa umeliweka jina la mtoto huyo miongoni mwa maneno ya kutafutia, pamoja na "mtoto wa nje ya ndoa", sambamba na "ngoma" na "ngozi". Baba alikubali kuzungumza na mgeni mmoja mwenye kinasa sauti. Hakukubali kuzungumza na dunia nzima, kwa sababu wakati huo hakuna aliyejua kwamba jambo kama hilo litawezekana.

Kijana wa Kaseti

Sasa huyo ndugu mlimpata? Usituache hapo, mkuu.

Karani Mstaafu

Nami nasubiri. Hayo ya picha na maelezo tutayarudia.

Jicho la Pembeni

Ushauri wangu wa bure: sauti ya marehemu isikilizwe kwanza na mtu mmoja, peke yake, mlango ukiwa umefungwa, ndipo familia iitwe.

Mpenda Sheria

Poleni sana. Wakati tunasubiri, naomba tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani hakimiliki ya rekodi na ridhaa ya aliyezungumza. Maktaba yaweza kuwa na haki zote za kisheria za kuiweka rekodi hiyo hadharani na bado ikawa imemkosea aliyeizungumza. Januari 2016 New York Public Library, maktaba ya umma ya jiji la New York, ilitangaza kwamba vitu zaidi ya 180,000 vya makusanyo yake vilivyo katika miliki ya umma, yaani visivyobanwa na hakimiliki, vinaweza kupakuliwa na kutumiwa na yeyote bila kuomba kibali. Kwa ramani na michoro ya kale huo ni uamuzi wa kupongezwa, lakini huwezi kuuchukua kama ulivyo na kuupachika juu ya mahojiano ya mtu ambaye mjane wake bado yu hai.

Wazi Daima

Mkianza kufunga hamtajua pa kuishia, kwa maana kila familia ina jambo ambalo ingependa lisisikike. Miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu iliyokusanywa na kina William Taylor na William Hichens imehifadhiwa SOAS, chuo kilichoko London, mbali na wengi wa wanaoisema lugha hiyo, na msomaji wa kawaida angewezaje kuijua kama si katalogi na nakala za mtandaoni? Tumeteswa na makabati yaliyofungwa. Tusiyajenge upya sisi wenyewe kwa jina la heshima.

Mpenda Sheria

Hakuna aliyesema miswada hiyo ifungwe. Unajibu hoja ambayo haijatolewa.

Wazi Daima

Nimejibu hoja itakayotolewa kesho.

Binti wa Redio

Mbona mnazungumza kana kwamba kuna milango miwili tu? Programu iitwayo Mukurtu, ambayo ilianza kwa mahitaji ya watu wa Warumungu huko Australia, imeundwa ili jamii yenyewe iamue kitu gani kionwe na kila mtu, kipi na familia fulani tu, na kipi na wanawake au wanaume peke yao. Watu wa Passamaquoddy wa Marekani nao, ambao nyimbo na masimulizi yao yalirekodiwa mwaka 1890 kwenye silinda za nta, ambazo zilitumika kunasia sauti kabla ya kaseti, wameshirikiana na Maktaba ya Bunge kuandika upya maelezo ya rekodi hizo kwa lugha yao na kuzibandikia alama zinazomweleza msikilizaji namna ya kuzitumia kwa adabu. Alama hizo si sheria ya mahakama, lakini mtu anayezisoma anajua kwamba amebisha hodi kwa wenyewe. Kinachosumbua ni kwamba kazi hiyo inahitaji watu wa kuzungumza na jamii, na bajeti nyingi huishia kwenye mashine ya kuskani.

Mkutubi wa Zamu

Umesema kweli, hasa sentensi ya mwisho.

Mtoto wa Tatu

Samahani kwa kuchelewa. Tulimpata, na aliyemtafuta ni kaka yangu mkubwa mwenyewe, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitarajia. Ila mambo yalikuwa yamekwisha kwenda upande mwingine. Kwa ombi la mama tulikuwa tumeiandikia maktaba iiondoe rekodi, na wao, bila ubishi mwingi, wakaihamishia kwenye utaratibu wa kusikilizwa ndani ya jengo lao tu. Tulipomfikia ndugu yetu, neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa kuuliza kama ni sisi tuliomfungia sauti ya baba yake. Alikuwa ameigundua kabla yetu, kwa kuandika jina lake mwenyewe katika sehemu ya kutafutia, na ndiyo mara pekee aliyowahi kumsikia. Maneno yale yale yaliyomfanya mama afunge mlango ndiyo yaliyompeleka yeye kwa baba.

Sasa tumekubaliana kwamba rekodi ifunguliwe kwa nywila kwa wanafamilia, yeye akiwemo, na sehemu ya ufundi wa ngoma ikatwe iwekwe wazi kwa wote. Mama ameridhia kuhusu ngoma. Kuhusu mengine hajasema ndiyo wala hapana.

Wazi Daima

Ingefungwa tangu mwanzo, msingekuwa na ndugu.

Mpenda Sheria

Na angeulizwa baba tangu mwanzo, huenda angewaita wote na kuwaambia mwenyewe.

Kijana wa Kaseti

Mimi nashauri kila aliyekuta kitu chake akipakue leo leo. Oktoba 2023 British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilivamiwa na wadukuzi, na katalogi yake kuu haikurudi mtandaoni hadi Januari 2024. Miswada iliyoskaniwa haikufikika kwa muda mrefu zaidi. Seva nayo ni kabati, na ina wezi wake.

Karani Mstaafu

Mimi nashauri kinyume. Ukipakua ukaanza kusambaza kwenye makundi ya simu, baada ya wiki moja picha ya babu yako itakuwa inazunguka bila jina, bila mwaka na bila chanzo, na utakuwa umemrejesha kule kule alikotoka yule "mwanamke wa kienyeji". Tuma kiungo, si picha.

Mjukuu wa Mfinyanzi

Karani, hilo nimelichukua. Na kwa Mkutubi: bado sikubaliani nawe, lakini nimewaandikia tena, safari hii nikiomba jina la bibi litangulie na yale maneno yawekwe mahali ambapo anayeyataka atabonyeza kwanza ndipo ayaone.

Mkutubi wa Zamu

Ombi hilo linatekelezeka kabisa, nami ningelipitisha.

Mtoto wa Tatu, naomba nikuulize jambo la kitaalamu. Rekodi hiyo ina urefu gani, na inamalizikaje? Nauliza kwa sababu kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 30 kila upande, na nimeona makusanyo mengi ambamo upande wa kwanza pekee ndio uliogeuzwa kuwa faili, kwa kuwa aliyekuwa zamu hakuigeuza kaseti au upande wa pili haukuandikwa kitu.

Mtoto wa Tatu

Ina nusu saa na kidogo, na inakatika baba akiwa katikati ya sentensi. Sote tulidhani betri ya mtafiti iliisha.

Mkutubi wa Zamu

Waandikie, utaje namba ya kaseti iliyo kwenye ukurasa, uombe waangalie upande B. Ombeni pia kwamba mkabidhiwe ninyi faili kwanza, kabla mtu yeyote hajaandika muhtasari wake.

Jicho la Pembeni

Na safari hii, mkuu, ukumbuke ule ushauri wangu wa mlango.